Makaa kwa Shamba la Maweni

Miongoni mwa elimu zinazopelekwa vijijini siku hizi kwa ajili ya kuponya udongo uliochoka, ni chache zinazopokewa kwa shauku kama hii ya bayocha, yaani makaa yaliyochomwa kwa hewa haba, yakapondwa, yakalishwa mbolea na vijiumbe, kisha yakafukiwa shambani. Na ni chache vilevile zinazopotoka upesi kama hiyo, maana aghalabu huja na kanuni moja iliyotungwa mbali, ikasomwa kila mahali kana kwamba udongo wa dunia nzima ni mmoja. Rasi ya Fumba, kusini magharibi ya Unguja, ni mahali pema pa kuipima kanuni hiyo, kwa sababu ardhi yake inaikubali nusu na kuikataa nusu.

Wakulima wa Unguja walikwisha kuugawa udongo wao kwa majina zamani kabla ya wataalamu kuja na vipimo: kichanga, kinongo, kinamo, uwanda, maweni, na Calton, Tidbury na Walker walipochapisha uchunguzi wao wa udongo wa Zanzibar mwaka 1955, majina hayo hayo ndiyo waliyoyatumia. Mawili ya mwisho ndiyo yanayohusu sehemu kubwa ya Fumba: udongo mwekundu mchache uliotandaa juu ya jiwe la matumbawe, na penginepo jiwe limetoka nje kabisa, udongo ukabaki katika mianya yake tu. Mvua ya masika ikinyesha hapo haikawii. Hupenya mwambani ikapotea, na juma moja la jua latosha kuinyausha miche. Tena, maadamu jiwe lenyewe ni chokaa, udongo huo hauna uchachu bali umeelekea upande wa magadi. Fosfori hufungwa na kalsiamu, chuma na zinki zikawa adimu kwa mizizi, na jani changa likageuka manjano ilhali mishipa yake ingali kijani.

Sasa tutazame kanuni ilikotoka. Mwaka 1966 Wim Sombroek alieleza katika kitabu chake juu ya udongo wa Amazon habari za ardhi nyeusi ambazo watu wa kale wa huko walizitengeneza kwa makaa, mifupa na taka za majumbani, zikabaki na rutuba katikati ya nchi ya udongo mkali wenye uchachu. Watafiti waliofuata walijaribu jambo hilo penginepo, kama huko magharibi ya Kenya, ambako Kimetu na wenzake walieleza mwaka 2008 jinsi makaa yalivyoyainua mavuno ya mahindi katika mashamba yaliyochakaa. Kisha Jeffery na wenzake, mwaka 2017, wakayakusanya majaribio mengi ya dunia na kuona kwamba katika nchi za joto mavuno yalizidi kwa wastani wa asilimia 25, ilhali katika nchi za baridi hayakuzidi. Na sababu kubwa waliyoitaja ni kwamba makaa yaliupunguzia uchachu udongo wa nchi za joto na kuutia virutubisho. Yaani sehemu kubwa ya sifa ya bayocha ni sifa ya chokaa, na chokaa ndiyo mali pekee ambayo Fumba imejaliwa kupita kiasi.

Anayefundisha Fumba, basi, sharti aiache hoja hiyo bandarini, ashuke na hoja nyingine mbili ambazo zasimama hata juu ya jiwe: kwamba makaa yenye vitundu visivyohesabika huzuia maji yasikimbie, na kwamba huzuia chakula cha mmea kisioshwe na mvua. Mafunzo yote, tangu shimo la kuchomea hadi siku ya kupanda, hubadilika kwa ajili ya tafauti hii.

Tuanze na moto. Mkulima wa maweni anaujua moto tangu zamani: alifyeka msitu, akachoma, akapanda mtama, uwele na mihogo katika jivu, na baada ya misimu michache akahama ili msitu uote upya. Jivu lile lilimpa potasi, lakini lilimwongezea magadi, na sasa ambapo miaka ya kupumzisha ardhi imefupika, dawa ile haimfai kama ilivyomfaa babu yake. Namna iliyoenea ya kuchoma bayocha kijijini ni ya shimo lenye umbo la pia, mdomo mpana na kitako chembamba, ambayo Hans-Peter Schmidt na Paul Taylor waliieneza tangu mwaka 2014 kwa tanuu la bati waliloliita Kon-Tiki. Moto huwashwa chini, na kuni nyembamba zikaongezwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likianza kuvaa jivu jeupe juu yake. Ndimi za moto zilizo juu huila hewa yote, hata makaa yaliyo chini yasiipate ya kuyateketeza, na moshi wenyewe huungua. Tafauti yake na tanuu la mchoma makaa wa kuuza, linalofunikwa udongo likafuka siku kadhaa, ni kubwa: kazi hii huisha katika saa chache, na huhitaji jicho lisiloondoka.

Kuzima ndiko kunakosahauliwa. Penginepo hufundishwa kwamba udongo watosha kuyafunika makaa, na kwenye ardhi yenye uchachu hapana madhara, jivu ni faida. Fumba jivu liondolewe: makaa yazimwe kwa maji mengi, na maji hayo, yaliyobeba magadi ya jivu, yamwagwe mbali na vitalu. Maji ya bahari yako karibu na hayana bei, lakini chumvi yake ni adui kuliko jivu. Kwa hiyo anayechoma mwishoni mwa kaskazi, kuni zikiwa zimekauka vema, awe kwanza na pipa la maji matamu pembeni.

Na kuni za namna gani? Mikoko haiguswi, ghuba ya Menai inayoizunguka rasi ile ni hifadhi tangu mwaka 1997. Msitu wa maweni nao umekwisha kukonda kwa kuni na kwa matanuu ya chokaa. Vifuu hutoa makaa bora, lakini makaa ya vifuu hupikia, na chochote kinachopikia kina mnunuzi mjini. Sioni kosa la mama aliyefundishwa kutengeneza bayocha akaitia katika gunia na kuiuza, kosa ni la mwalimu aliyemchagulia malighafi hiyo. Afadhali mabua, vijiti vya mbaazi, matawi ya kupogolewa na pumba za mpunga, vitu ambavyo makaa yake ni chengachenga na havina bei jikoni.

Makaa mabichi yakitiwa shambani hivyo hivyo ni kama mgeni aliyefika na njaa, akala chakula cha watoto wa nyumba: huvuta naitrojeni ya udongo, mimea ikapauka msimu mzima, na mkulima akaapa asiyatumie tena. Hulishwa kwanza, ama kwa kuchanganywa na samadi na majani katika lundo la mboji wiki kadhaa, ama kwa kulowekwa katika mkojo wa ng'ombe. Hapa kuna jaribio la Nepal, lililochapishwa mwaka 2015, ambalo laifaa Fumba kuliko mengi: wakulima walitia kilo 750 tu za makaa kwa hekta, yaliyolowekwa mkojo wa ng'ombe, si kwa kuyatapanya bali katika shimo la kila mboga chini ya mizizi, na maboga yakazaa mara nne ya yale yaliyopewa mkojo peke yake. Nasema laifaa Fumba kwa sababu mkulima wa maweni hana shamba la kutapanya kitu. Hupanda katika mifuko ya udongo, akitanua mwanya wa jiwe kwa mtaimbo, akatia mche wa tungule au mbegu ya boga. Kile ambacho kwingine ni ustadi wa kufundishwa, huku ni desturi, na bayocha yaweza kuingia katika desturi hiyo bila ya kuivuruga.

Kuhusu vijiumbe nitasema kwa hadhari zaidi. Profesa Teruo Higa wa Okinawa, kisiwa ambacho nacho kina mawe ya matumbawe, aliutangazia ulimwengu katika miaka ya 1980 mchanganyiko wa bakteria wa maziwa, hamira na bakteria wa nuru, na tangu hapo chupa zake na za walioiga zimeuzwa kila bara. Watafiti wa Zürich waliujaribu shambani miaka minne, na kando yake wakaweka sehemu iliyopewa mchanganyiko ule ule uliokwisha kuuawa kwa joto. Walichokiona, wakakichapisha mwaka 2010, ni kwamba faida ilitokana na chakula kilichobeba vijiumbe, si vijiumbe vyenyewe. Zürich si Unguja, nakubali. Lakini ujanja ule wa kuua nusu wafaa kuibwa: kikundi kichachushe maji ya mchele kwa maziwa kidogo, nusu kiichemshe katika sufuria, kisha kimwagie mistari miwili ya mchicha na kuilinganisha. Kunde na mbaazi, kwa vijiumbe vya vinundu vya mizizi yao, zina ushahidi ulio imara zaidi, na mboji ya chini ya miti mikubwa huleta kuvu wa mizizi bila ya senti.

Mpango wa kufundishia upo tayari. Skuli za wakulima shambani, zilizoanza Indonesia mwaka 1989 chini ya FAO kwa ajili ya wadudu wa mpunga, zilienezwa Unguja na Pemba tangu mwaka 2007 katika programu iliyogharimiwa na IFAD, na wengi wanajua ilivyo: kikundi hukutana kila juma msimu mzima, hupima, huchora, hubishana, na bwana shamba huuliza zaidi kuliko anavyojibu. Kwa bayocha mistari minne yatosha: desturi ya kijiji, mboji peke yake, makaa peke yake, na makaa yaliyolishwa. Ule wa makaa peke yake utashindwa, na uachwe ushindwe mbele ya macho ya watu.

Limebaki jambo ambalo wataalamu wa udongo hawalitaji. Kwa desturi ya Unguja, aliyeazimwa ardhi huruhusiwa mazao ya msimu, lakini hapandi miti, kwa sababu mti hukaa na kuzaa haki. Makaa hukaa ardhini kuliko mwembe, na Fumba ya leo, ambako mji mpya unajengwa na viwanja vinapimwa, ni mahali ambapo aliyeazimwa hana yakini ya msimu ujao. Je, mwenye kufukia bayocha katika mianya hamsini amelima, au amepanda? Kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa, kikundi na wenye ardhi wakae mbele ya sheha, na jibu liandikwe.