Vigae 128 Vimehesabiwa Vyungu

Tarehe 11 Machi 2025 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliipa Zohali miezi 128 kwa mkupuo mmoja, hesabu ikaruka kutoka 146 hadi 274. Ulikosea. Kazi ya wagunduzi, Edward Ashton na wenzake, ya kupanga picha za darubini ya Hawaii moja juu ya nyingine mpaka nukta hafifu ijitokeze, ni safi na sina neno nayo. Kosa liko mezani pa waamuzi.

Kigezo chao ni kimoja: kitu kikithibitika kuizunguka sayari, ni mwezi. Ukubwa hauulizwi, umbo haliulizwi. Haya, twende nacho mpaka kwenye pete za Zohali. Kila punje ya barafu mle inaizunguka Zohali, na hakuna anayeihesabu. Kumbe mstari upo, ila haujaandikwa popote, na mwenye kalamu anauchora anapotaka. Mnaikumbuka Bleriot, lile bonge la pete ya A ambalo chombo cha Cassini kililifuatilia miaka kadhaa? Halimo orodhani. Lakini jiwe la mita 300 hivi katika pete ya B, lililojulikana kwa kivuli chake tu jua lilipoipiga pete ubavuni mwaka 2009, lilisajiliwa kwa namba ya mwezi, S/2009 S 1. Mawe mawili, sayari ileile, hukumu mbili.

Na hii 128? Mingi ina upana wa kilomita chache, na wagunduzi wenyewe wanaiona kuwa mabaki ya miezi iliyonaswa na Zohali kisha ikapasuliwa na migongano. Chungu kikianguka kikatoa vigae 40, hakuna mpishi anayesema sasa ana vyungu 40.

Nalalamika tangu mkutano wa Umoja huo mjini Prague, Agosti 2006. Nguvu zote ziliishia kwenye kumvua Pluto cheo cha sayari, na rasimu iliyotazama kitovu cha uzito kati ya Pluto na mwezi wake Charon, kitovu kilicho nje kabisa ya Pluto, ikatupwa. Neno "mwezi" likaachwa bila maana rasmi.

Zamani neno hilo halikuwa na utata: mwanaastronomia Giovanni Cassini alikesha kati ya 1671 na 1684 akapata miezi minne ya Zohali: Iapetus, Rhea, Tethys na Dione. Hakuna hata mmoja wenye upana chini ya kilomita 1,000.

Mstari uwekwe kwenye kilomita 5. Daphnis, mwezi wenye kilomita 8 hivi, unaofyeka njia ndani ya pete na kuinua mawimbi kingoni, utabaki. Mtasema vipenyo hivi hukadiriwa kwa mng'ao tu. Asteroidi nazo tunazikadiria hivyohivyo. Cha chini ya hapo kiitwe kimwezi. Titan, nao mwezi wa Zohali, una kipenyo cha kilomita 5,149, umeishinda hata Utaridi, na katika orodha ya leo unahesabiwa mmoja, sawa na jiwe la kilomita 3.