Mji wa Taarab na Watunzi Wake Wasiotajwa

Anayeuliza jinsi mji wa Unguja ulivyopata sifa ya kuwa mji wa muziki, aghalabu hupewa jibu moja. Huambiwa kwamba Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alivutiwa na muziki wa Misri. Kwamba alimpeleka Cairo kijana aitwaye Mohamed Ibrahim akajifunze kupiga kanuni. Na kwamba kijana huyo aliporudi aliwafundisha wenziwe, na taarab ikazaliwa. Hadithi hii imo vitabuni, imo katika majalada ya santuri, na wenye kutembeza wageni Mji Mkongwe huisimulia mbele ya Beit al-Ajaib, jumba ambalo Barghash mwenyewe alilijenga mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020.

Hapana haja ya kuikanusha hadithi hiyo. Inaeleza vyema vyombo vilikotoka: kanuni, udi, fidla, na mtindo wa wapigaji wengi kukaa pamoja na kufuata sauti moja. Lakini haielezi sifa. Wafalme wengi wamewahi kuwa na wapigaji wao majumbani, na miji yao isijulikane kwa muziki hata kidogo. Muziki wa kasri ya Barghash uliimbwa kwa Kiarabu, mbele ya wachache walioalikwa, na milango ilipofungwa ulibaki ndani. Aliyekuwa akichota maji Ng'ambo au akivua Fumba hakuwa na sehemu yake humo. Ili mji ujulikane kwa muziki, sharti kwanza wenyeji wa mji huo wauone muziki ni wao. Hilo halikufanywa na Sultani.

Hatua ya mwanzo ya kuutoa muziki kasrini ilikuwa kuasisiwa kwa Nadi Ikhwani Safaa mwaka 1905. Jina lake lilitokana na lile la wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10, na lilionesha nia ya waasisi: vijana wa mjini waliotaka kukutana kwa ajili ya udugu, adabu na muziki. Ubora wa Ikhwani Safaa hauko katika umri wake tu, ingawa umri huo umekwishapindukia karne. Uko katika kuthibitisha kwamba wapigaji waweza kujitegemea, wakafundishana, wakarithishana vyombo na mahadhi pasipo kumngoja mfalme awalishe. Hata hivyo, nyimbo zao za awali nazo zilikuwa za Kiarabu. Mlango ulikuwa umefunguliwa nusu.

Aliyeufungua wote ni mwanamke kutoka shamba. Siti binti Saad alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa, naye akaitwa Mtumwa. Alikuwa mfinyanzi, akiuza vyungu vyake kwa miguu, na sauti yake ya kunadi vyungu ndiyo iliyoanza kumpatia jina. Mwaka 1911 akahamia mjini, akafundishwa kuimba na kufuata vyombo na Ali Muhsin, mmoja wa watu wa Ikhwani Safaa, kisha akawa na kundi lake pamoja na akina Maalim Shaaban, Subeti Ambari, Buda Suwedi na Mbaruku. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alipewa ukubwani. Mtu aliyezaliwa akiitwa Mtumwa alikufa mwaka 1950 akiitwa Bibi, na kilichomvusha kati ya majina hayo mawili ni wimbo.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay, wakatiwa katika santuri na kampuni ya His Master's Voice. Alikuwa miongoni mwa waimbaji wa mwanzo kabisa wa Afrika ya Mashariki kusikika kwa njia hiyo. Sahani hizo zikaingia majahazini na melini, zikachezwa katika mikahawa na mabaraza ya pwani na bara, na jina la Unguja likaenda pamoja nazo. Basi yafaa kuuliza: msikilizaji wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam alisikia nini katika sahani ile? Udi na fidla angeweza kuvisikia katika sahani za Misri, tena kwa wapigaji wengi zaidi. Alichokisikia kwa Siti, na ambacho hakikuwamo katika sahani za Misri, ni Kiswahili. Alisikia shairi analolijua umbo lake, lenye vina na mizani, likizungumza habari za mtaa unaofanana na wake. Wimbo wa "Kijiti", uliomhusu mwanamke aliyeuawa na haki iliyopotoka mahakamani, ulikuwa habari, hukumu na kilio kwa pamoja. Si ajabu kwamba aliyeandika wasifu wa mwimbaji huyu alikuwa mshairi, Shaaban Robert. Mshairi alimtambua mwenziwe.

Hapa ndugu wa Lamu na Mombasa wana haki ya kunena. Ushairi wa kuimbwa haukuanza Unguja. Gungu na tumbuizo zilikuwapo kabla kanuni haijavuka bahari, na tungo za Muyaka bin Haji zilienea katika vinywa vya watu wa Mombasa wakati Barghash bado ni mtoto. Madai hayo ni ya kweli, nayo yanaipa nguvu hoja ya makala haya. Unguja iliupokea ushairi kutoka pwani nzima, ikaukutanisha na vyombo vya Misri, ikauweka mbele ya watu mchanganyiko waliojaa mjini: waliotoka Ngazija, Hadhramaut, Bara Hindi, Nyasa na Manyema. Watu hao walikuwa na asili mbalimbali, lakini walikuwa na lugha moja ya kuelewana. Taarab ikawa mahali ambapo lugha hiyo ilijipamba.

Neno lenyewe, taarab, latokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni ule mtikisiko wa nafsi anaoupata mwenye kusikiliza. Hivyo jina la muziki huu linamtaja msikilizaji kabla ya mpigaji. Aliyewahi kuhudhuria taarab ya harusi analijua hilo bila ya kufundishwa. Wimbo huanza taratibu, vyombo hutangulia, mwimbaji hukaa au husimama wima, uso wake hausemi kitu. Kisha katikati ya ubeti mwanamke mmoja huinuka safuni, akaenda mbele kwa madaha, noti mkononi, akamtunza mwimbaji huku jicho lake likimtazama mtu mwengine kabisa. Papo hapo ukumbi mzima hujua kwamba shairi limepata mwenyewe. Mtunzi aliandika habari za njiwa aliyeruka au jahazi lililokosa bandari. Mtunzaji amelifanya kuwa habari ya mume wake, jirani yake au mke mwenziwe, wala hakutamka hata neno.

Ufundi huo unadai shairi lenye fumbo. Lau wimbo ungemtaja mtu waziwazi, ungemfaa mmoja tu. Kwa kuwa umefumbwa, humfaa kila mwenye jambo lake. Vikundi vya wanawake vya katikati ya karne ya 20, kama Nuru l-Uyun, Sahib l-Ari, Royal Navy na Royal Air Force, viliutumia mwanya huo kwa vijembe vikali, na mji mzima ukafuatilia nani kamjibu nani. Ng'ambo nako, kidumbak kilizichukua nyimbo za vikundi vikubwa, kikazitia ngoma ndogo, sanduku na mkwasa, zikachezwa na waliokuwa hawana nafasi kumbini. Kutoka kwa bwana wa Shangani hadi kwa mpagazi wa bandarini, kila mtu alikuwa mfasiri wa shairi kwa namna yake. Mji wa aina hiyo ndio uliostahiki jina la mji wa muziki, kwa sababu masikio yake yalikuwa yamesomeshwa.

Sifa ya mji kwa watu wa mbali ilikuja baadaye, na ilikuja kwa kasi. Mwaka 1988 kampuni ya GlobeStyle ya London ilirekodi Unguja vikundi vya Ikhwani Safaa na Culture Musical Club, kile kilichoasisiwa mwaka 1958, na santuri zake zikasambaa Ulaya. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2002 kikafunguliwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Mwaka 2004 likaanza tamasha la Sauti za Busara. Mwaka 2005 Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, akapewa tunzo ya WOMEX. Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, alitoa albamu ya nyimbo za bibi yake. Yote hayo ni mema. Yamewapa vijana walimu na wazee heshima, na kwa baadhi yao riziki.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kuuliza ni kitu gani hasa kilichosafiri. Jibu ni kwamba mahadhi yalisafiri, na shairi likabaki gatini. Msikilizaji wa Paris au Berlin hupewa muhtasari wa mistari miwili: huu ni wimbo wa mapenzi. Tafsiri inapokuwapo, hukutana na kikwazo cha kweli. Kiswahili hakibagui mume na mke katika viambishi vya nafsi. Mwimbaji akisema fulani ameondoka, hajasema kama ni mwanamume au mwanamke, wala kama ni mpenzi, mtoto au rafiki. Kiingereza humlazimisha mfasiri kuchagua, na akishachagua fumbo limevunjika. Hali kadhalika, asumini ikifasiriwa kuwa ua tu hupoteza kikuba, harusi na usiku uliomo ndani yake. Ugumu huu si hoja ya kuacha kufasiri. Ni hoja ya kufasiri kwa uangalifu, shairi likichapwa zima kwa lugha yake, na maelezo kando.

Lakini kosa kubwa zaidi liko nyumbani. Wimbo wa taarab huwa na watu watatu: aliyetunga shairi, aliyelitia muziki, na aliyeliimba. Umaarufu humwendea wa tatu, mara chache wa pili, na wa kwanza hupotea. Mfano mzuri ni Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyezaliwa 1933 na kufariki 2021. Alijulikana kama mshairi kwa sababu diwani yake, Kimbunga, ilichapishwa mwaka 1994, na tungo zake nazo ziliimbwa na vikundi vya taarab. Lau asingechapishwa, wangapi wangemjua kwa wimbo peke yake? Wapo watunzi wengi wa namna hiyo ambao hawakupata diwani. Tungo zao zaimbwa kila mwezi, na majina yao yamo katika madaftari ya vikundi yanayoliwa na mchwa. Muhammed Seif Khatib alifanya kazi ya maana katika kitabu chake Taarab Zanzibar cha 1992; kazi hiyo ilistahiki warithi wengi kuliko iliowapata.

Wapo wanaodhani kwamba aliyeiharibu taarab ni rusha roho, yaani taarab ya kinanda cha umeme iliyoshamiri miaka ya 1990 kupitia vikundi kama East African Melody. Shutuma hiyo ina nusu ya ukweli. Mipasho imelivua shairi nguo. Pale palipokuwa na njiwa sasa pana matusi, na vina vyalegea. Hata hivyo vikundi hivyo vilibaki na kitu ambacho vikongwe vinaanza kukikosa, nacho ni ukumbi uliojaa wasikilizaji wanaoelewa kila neno na wanaoinuka kutunza. Kinyume chake, wimbo wa kale unaopigwa hotelini mbele ya wageni umehifadhi fumbo lake lote, ila hapana wa kulifumbua. Taarab ya kwanza imepoteza shairi ikabaki na msikilizaji. Ya pili imebaki na shairi ikapoteza msikilizaji. Hakuna kati ya hizo mbili iliyo na haki ya kuicheka nyenzake.

Dawa si ngumu wala ghali. Kila kikundi kikongwe kina daftari. Madaftari hayo na yanakiliwe, tungo zipangwe kwa majina ya watunzi, zichapwe kama diwani nyengine zinavyochapwa, na zisomeshwe skuli pamoja na Muyaka na Shaaban Robert. Jukwaani, kabla wimbo haujaanza, mtangazaji na amtaje mtunzi wa shairi kabla ya mwimbaji, kama ilivyo adabu ya kumtaja mwenye mali kabla ya mwenye kuitumia. Anayetoa albamu mpya na achape beti zote kwa Kiswahili hata kama mnunuzi wake yuko Ulaya. Na watoto wanaojifunza udi na kanuni wafundishwe pia mizani na vina, kwani mpigaji asiyejua mahali kina kinapoangukia hawezi kujua mahali pa kunyamaza.

Nyumba za mawe zikiporomoka huja mafundi kutoka ng'ambo na fedha za wahisani. Shairi likiporomoka halina mhisani, na waliolihifadhi kwa kichwa wanapungua mwaka baada ya mwaka. Kazi ya kuyaokoa madaftari ni ya wenyeji wenyewe, na wakati wake ni sasa, maadamu wapo wazee wanaoweza kusema ubeti fulani ulitungwa na nani, na ulimlenga nani.