Kuzijua Nyasi Njema za Mjini

Anayeanza bustani hutazama kwanza ukijani. Ukijani hudanganya. Mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, hata uwanja uliotelekezwa kule Upanga au Gerezani huonekana mzima, kumbe nusu yake ni ndago. Mvua zikikatika, vipara vinarudi palepale vilipokuwa. Nyasi hukaguliwa kuanzia chini, kwenye udongo na mizizi. Jani lije mwisho.

Katikati ya Dar es Salaam adui wawili hutangulia wengine wote: miguu na kifusi. Viwanja vya Mnazi Mmoja, ukanda uliobaki wazi kati ya Kariakoo na ule uliokuwa mtaa wa Wahindi, hupokea mikutano, sherehe na sala za Idi. Penye miguu mingi udongo hushindiliwa, mzizi ukakosa hewa na maji. Uani kwako ni yaleyale: njia ya kwenda bombani, mahali pa kuegesha pikipiki, chini ya mwembe watoto wanapochezea. Siku moja baada ya mvua, chukua bisibisi ndefu uizamishe kwa nguvu ya kiganja tu. Ikiingia sentimita 10, udongo wako hauna neno, tafuta tatizo kwingine. Ikigoma kwenye sentimita 3, weka mbolea pembeni ushike jembe. Utakachokuta huko chini ni kokoto, vipande vya tofali, na mara nyingine saruji aliyoimwaga fundi miaka mingi nyuma. Kitoe chote, kisha changanya udongo mweusi na samadi. Hapa ndipo wengi wanaporuka hatua, halafu lawama zote wanazitupia nyasi.

Samadi nayo ina mwenyewe wa kuijua. Iliyoiva ni ya baridi mkononi, inamomonyoka, inanukia udongo wa mvua. Ikiwa ya moto, au ya kuku inayochoma macho, irundike kivulini mpaka itulie, maana itaunguza mizizi michanga.

Maji yaonje. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na dalili zake ni ncha za majani kukauka na utando mweupe juu ya udongo. Kama huna maji mengine, panda paspalamu, inayovumilia chumvi kuliko nyingi. Penye maji mazuri na jua la kutosha, mimi sioni nyasi ya kuishinda ukoka: ni ya kwetu, inatambaa, inaziba vipara yenyewe, na ikikanyagwa inainuka. Ila kivuli haikiwezi kabisa. Chini ya mwarobaini mnene tafuta nyasi za jani pana, au paache pafagiwe, kama nyua za Waswahili zilivyofagiwa siku zote. Panapendeza.

Sasa kununua. Wauza miche wa kando ya barabara huuza nyasi kwa kiroba, na kiroba hakinunuliwi kwa kutazama mdomo wake. Ingiza mkono hadi katikati. Ukikuta joto, zimeanza kuchacha. Hata kama za juu zinang'aa, ziache. Chomoa utambaazi mmoja uutazame: uwe na pingili fupi fupi, na kwenye kila kifundo pawe na chipukizi au kimzizi cheupe. Kimzizi cha kahawia kinachokatika kama uzi mkavu kimekwisha. Halafu msake ndago. Zungusha shina kati ya vidole. La ndago lina pembe tatu, utazisikia. Ukifuata mzizi wake utakuta vijitunguu vyeusi vigumu, na kila kimoja kinachobaki ardhini kitachipua. Kiroba chenye ndago hakina bei nafuu.

Kwenye maduka ya pembejeo ya Kariakoo usichague mbegu kwa picha ya pakiti. Uwanja wa kupendeza uliopigwa picha Ulaya kwa kawaida ni wa nyasi za baridi, na joto la Dar es Salaam huziua. Soma jina la kisayansi: Cynodon dactylon ndiyo ukoka, Lolium irudishe rafuni. Urea iwe punje nyeupe za mviringo, kavu, zisizoshikana, kutoka kwenye mfuko wenye lebo. Ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo kilo 1 kwa mita za mraba 100 inatosha, tena nyasi zikishashika, na umwagilie mara ukimaliza kunyunyiza.

Panda masika au vuli, siku ileile uliyonunua. Fukia vifundo viwili, acha kimoja juu, nafasi ya kiganja kati ya mche na mche. Usikate mapema, na ukikata, usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja. Fundi anayenyoa hadi mchanga uonekane anakurudishia vipara ulivyolipia kuviondoa. Mwambie kabla hajawasha mashine.

Hukumu iweke Februari, kaskazi ikivuma na mvua ikiwa imesahaulika. Fumbata nyasi kidogo uzivute. Zikitoka na mizizi mifupi ya juu juu, umekuwa ukirashia maji kidogo kila siku. Badili, mwagilia kwa kushibisha mara mbili au tatu kwa wiki, mizizi iyafuate maji chini. Zikikukatikia mkononi na mizizi ikabaki ardhini, zimeshika.