Masinga Kwanza, Kinoru Baadaye

Faiba ile ile inayoleta intaneti mjini Meru inaweza kupima joto la udongo ilimozikwa. Mtambo ulio kwenye ncha moja hurusha mpigo wa leza, na kila kipande cha kioo hurudisha mwanga kidogo. Muda wa kurudi huonyesha mwanga umetoka wapi: mpigo wa nanosekunde 10 unatosha kutenganisha mita moja na nyingine. Sehemu ya mwanga huo hurudi ikiwa imebadilika rangi, na nguvu yake hupanda na kushuka kufuata joto. Waya mmoja wa kilomita kadhaa basi ni vipimajoto maelfu vilivyopangwa mstari. Tukiamua kuitumia faiba kukagua miundo Meru na Embu, wengi watataja kwanza majukwaa ya uwanja wa michezo wa Kinoru. Mimi ningeanzia kwenye tuta la bwawa la Masinga, mpakani mwa Embu. Mhandisi anajua nguzo ya zege italemewa wapi, kwa hiyo vipimio vichache vinamtosha. Tuta la udongo halina adabu hiyo. Maji hujitafutia njia popote.

Bwawa la Masinga lilikamilika mwaka wa 1981 kwa tuta la udongo na mawe. Huhifadhi takriban mita za ujazo bilioni 1.56, na chini yake katika mto Tana kuna Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Vipimio vya kawaida vya presha ya maji husema kweli mahali vilipochimbiwa tu, nao mvujo unaweza kupita katikati ya viwili bila kugusa chochote. Faiba haiachi pengo hilo. Lakini mbinu ya Sweden ya kutafuta mvujo kwa faiba haiwezi kuhamishwa jinsi ilivyo. Kule maji ya bwawa hupoa sana msimu wa baridi, kwa hiyo yanapopenya tuta hubeba ubaridi unaoonekana wazi. Bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga, la kilomita 1,443, nalo linawekewa faiba, na mafuta yake yanapaswa kusafirishwa yakiwa na zaidi ya nyuzi 50, kwa hiyo yakivuja hujitangaza yenyewe. Embu hakuna baridi ya Sweden wala joto la bomba. Dawa ni ile iliyoendelezwa Ujerumani miaka ya 1990: waya wa shaba hulazwa kando ya faiba na kupashwa moto kwa umeme. Udongo mkavu hupata joto haraka, lakini palipo na maji yanayotembea joto huchukuliwa, na mchoro kwenye skrini hubonyea mita hiyo hiyo.

Atakayesema kutoboa tuta la zamani ni hatari ana haki, na sidhani mtu mwenye akili angetoboa kiini chake. Faiba hulazwa kwenye mtaro chini ya mguu wa tuta, upande usio na maji. Itachelewa kuona kuliko iliyo ndani, lakini itaona. Gharama nayo iko zaidi kwenye mtambo wa kusomea kuliko kwenye waya, na mtambo mmoja unaweza kuhamishwa kati ya Masinga na Kamburu kwa vipimo vya vipindi. Pingamizi lenye uzito ni kuhusu msomaji wa vipimo: grafu isiyo na mhandisi wa kuifuatilia kila wiki haizuii lolote. Mshahara wake uandikwe kwenye bajeti ile ile ya waya, na zabuni ya bwawa lolote jipya la udongo kwenye Tana idai faiba ndani ya tuta kabla lori la kwanza halijamwaga udongo.