Kufutiwa Mashtaka Kabla ya Kesi: Uhakiki wa Mfano wa India

Afisa mkubwa akifutiwa mashtaka ya rushwa kabla hata shahidi mmoja hajasikilizwa, husikika kauli mbili. Wananchi husema: sheria ni ya wakubwa. Mawakili husema: sheria imefuatwa, yamekwisha. Kauli zote mbili hazitoshi. Ya kwanza inataka kila mtuhumiwa ashtakiwe hadi mwisho, hata kama hakuna ushahidi. Ya pili inasahau kuuliza sheria hiyo inamlinda nani, na dhidi ya nani. Kada anayetaka kuelewa vyombo vya dola hana budi kuzichambua zote mbili.

Tuchukue mfano wa India. Sheria zake si ngeni kwetu: Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 ilitumika Tanganyika mpaka ilipotungwa sheria nyingine mwaka 1967.

Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya India ya mwaka 1973, jaji aliweza kumwachilia mshtakiwa kabla ya kesi kusikilizwa iwapo hapakuwa na sababu ya kutosha ya kuendelea, na alipaswa kuandika sababu zake. Kanuni hiyo imeendelea katika sheria mpya iliyoanza kutumika Julai 1, 2024, ambayo inampa mshtakiwa siku 60 za kuomba aachiliwe. Kipimo chake kilifafanuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1978, katika kesi ya Prafulla Kumar Samal. Jaji si tarishi wa mwendesha mashtaka. Anaweza kuupepeta ushahidi ulioletwa. Lakini asiendeshe kesi nzima kabla ya kesi. Shuku nzito isiyopata maelezo inatosha kumfikisha mtu kizimbani. Shuku nyepesi haitoshi.

Kipimo hiki ni cha haki. Mtumishi mdogo anayesingiziwa na mkubwa wake asiteseke miaka kumi kwa karatasi tupu. Anayedai kwamba kinga hii ni ya wakubwa peke yao hajafikiri juu ya karani wa kijijini.

Taabu inaanza kwenye mlango wa pili, yaani kibali. Sheria ya Kuzuia Rushwa ya mwaka 1947 ilizuia mahakama kupokea mashtaka dhidi ya mtumishi wa umma bila kibali cha mamlaka yenye uwezo wa kumwondoa kazini. Hapa haiulizwi kama ushahidi upo. Inaulizwa kama wakubwa wameridhia.

Matokeo yake yalionekana katika kesi ya A. R. Antulay, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa jimbo la Maharashtra hadi Januari 1982. Alituhumiwa kuwagawia wajenzi mgao wa saruji ili nao wachangie mifuko aliyoianzisha. Julai 1983 jaji maalumu alimwachilia. Hakusema kwamba ushahidi ni hafifu. Alisema kwamba Antulay bado ni mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la jimbo, kwa hiyo ni mtumishi wa umma, na kibali kinachohitajika hakipo. Februari 1984 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo. Ilisema mjumbe wa namna hiyo si mtumishi wa umma kwa maana ya sheria ile. Na kibali kinahusu cheo kilichotumiwa vibaya, hivyo aliyekwisha kukiacha cheo hicho hahitaji kuombewa kibali.

Hapo mahakama ilisimama upande wa umma. Lakini siku hiyo hiyo ilifanya kosa: kwa kutaka haraka, iliihamishia kesi Mahakama Kuu ya Bombay, wakati sheria iliwapa majaji maalumu peke yao mamlaka ya kuisikiliza. Mwaka 1988 majaji saba, kwa wingi wa kura, waliifuta amri hiyo kwa kuwa ilimnyima mshtakiwa haki zake, ikiwemo nafasi ya kukata rufaa. Miaka sita ikawa imepita tangu malalamiko yafikishwe mahakamani. Hatusemi kwamba alikuwa na hatia. Tunasema wananchi walikuwa na haki ya kusikia ushahidi ukipimwa. Haraka haraka haina baraka, hata kama nia ni njema.

Ushindi wa 1984 nao haukudumu. Mwaka 2018 Bunge la India lilibadili sheria ya rushwa ya mwaka 1988, na kibali kikahitajika hata kwa aliyekwisha kuacha kazi. Mlango uliofunguliwa na mahakama ukafungwa na watunga sheria. Hilo litufundishe kwamba hukumu nzuri, bila umma ulio macho, ni nyumba isiyo na msingi.

Basi msimamo sahihi ni upi? Kwanza, kufutiwa mashtaka kwa sababu ushahidi hautoshi ni haki ya kila mtu, na jaji atoe sababu hadharani. Pili, kufutiwa kwa sababu ya kibali kusihesabiwe kuwa ni kusafishwa. Kasoro irekebishwe na mashtaka yarudi. Tatu, anayetoa kibali asiwe mwenzi wa mtuhumiwa, na akikataa aeleze kwa nini. Mara nyingine tukisikia kwamba mkubwa ameachiliwa, tusishangilie wala kulaani kabla ya kuuliza: je, ushahidi ulipimwa, au mlango ulifungwa tu?