Roho ya Shujaa ni ya Nani? Nadharia za Wapenzi wa Skyrim juu ya Malimwengu ya Wafu

Makusudi ya makala haya ni kuchunguza suala moja ambalo wapenzi wa mchezo wa video uitwao Skyrim wamelijadili kwa miaka mingi, nalo ni hili: shujaa wa mchezo huo akifa, roho yake itakwenda wapi? Huenda msomaji akashangaa kuona suala la namna hii likipewa nafasi katika kurasa ambazo kwa desturi hushughulikia tenzi, riwaya na isimu. Mimi nami nilishangaa, mwanafunzi wangu mmoja alipoleta pendekezo la kulifanyia utafiti, nikamrudishia karatasi zake kwa maneno makali kuliko alivyostahili. Baadaye niliusoma mjadala wenyewe na kuucheza mchezo hadi mwisho, nikatambua kwamba nilikuwa nimekosea. Hata hivyo, mjadala huo una upungufu mmoja mkubwa, na ndio ninaotaka kuueleza hapa.

Skyrim ulitolewa mwaka 2011 na kampuni ya Bethesda ya Marekani, nao ni mchezo mkuu wa tano katika mfululizo wa The Elder Scrolls ulioanza mwaka 1994. Mchezaji huchukua nafasi ya Dragonborn, yaani kiumbe mwenye mwili wa kufa lakini roho ya joka, ambaye anapigana na Alduin, joka linalokula roho za wafu. Nchi ya walio hai imezungukwa na malimwengu mengine mengi. Sovngarde ni makao ya mashujaa wa kabila la Nord. Apocrypha ni maktaba isiyo na mwisho, milki ya Hermaeus Mora. Hunting Grounds ni mawindo ya milele ya Hircine. Habari za mahali hapa hazitolewi na msimulizi mmoja ajuaye yote. Zimetawanyika katika mazungumzo, na katika vitabu ambavyo mchezaji huviokota njiani, na waandishi wa vitabu hivyo ni wahusika wenye dini, kabila na upendeleo wao. Kitabu hiki hukanusha kile. Wolfgang Iser alikwisha kutufundisha kwamba nafasi zinazoachwa wazi katika matini humwita msomaji azijaze. Na hapa nafasi hizo ni nyingi mno.

Wapenzi wa mchezo wamezijaza kwa bidii. Kundi moja lashikilia kwamba Dragonborn akiwa Nord atakwenda Sovngarde, kwa kuwa alikwisha kuingia huko angali hai. Kundi la pili lasema kwamba aliyejiunga na Companions na kunywa damu ya mbwamwitu amekuwa mali ya Hircine. La tatu lataja kiapo cha kumtumikia Nocturnal hata baada ya kufa. La nne lategemea Dragonborn, toleo la nyongeza la mwaka 2012, ambamo shujaa anaingia katika utumishi wa Hermaeus Mora. La tano lajibu kwamba roho ya joka haina budi kumrudia Akatosh, mungu aliyeitoa.

Hapana shaka kwamba huu ni uhakiki, tena uhakiki makini. Wajadili hawa hupima kila ushahidi kwa kuuliza ni nani aliyeusema na alikuwa na faida gani. Mathalan, dhidi ya hoja ya Hircine wao humleta Kodlak Whitemane, kiongozi wa Companions, ambaye alikufa akiwa bado na roho ya mnyama ndani yake. Wenzake wanafanya kafara kaburini mwa Ysgramor, mnyama anatoka na kuuawa, na baadaye Kodlak anaonekana Sovngarde. Kwa hiyo, wanasema, mkataba wa roho waweza kuvunjwa hata baada ya mauti. Wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza wangefika mbali kama wangelisoma utenzi kwa uangalifu kama huu.

Lakini tuangalie jinsi suala lenyewe lilivyoundwa. Mjadala wote umekuwa baraza la wadai: Hircine ana hati yake, Nocturnal yake, Mora yake, na roho imekaa katikati kama shamba la marehemu lisilo na wasia. Tena roho inayogombewa ni moja tu, ya shujaa. Ni nadra kuulizwa habari za wale ambao shujaa mwenyewe amewachukulia roho zao.

Na amewachukulia wengi. Katika Skyrim silaha iliyotiwa uchawi huchoka, na hurudishiwa nguvu kwa roho iliyonaswa ndani ya jiwe. Roho ya mnyama hutosha jiwe la kawaida. Ya mtu huhitaji jiwe jeusi. Mchezaji hulifanya jambo hili kama mtu atiaye mafuta katika taa. Toleo la nyongeza liitwalo Dawnguard, la mwaka 2012, ndilo linalompeleka Soul Cairn, mahali ambapo roho hizo hutupwa: nchi kavu yenye makaburi, chini ya mabwana wasioonekana kwa sura. Shujaa asiyekuwa mnyonya damu hawezi kuingia humo mpaka akubali sehemu ya roho yake inaswe katika jiwe. Kabla ya kutoka aweza kuitafuta na kuirudisha. Waliomo humo hawana fursa hiyo. Mmoja wao ni Jiub, yule mfungwa aliyempokea mchezaji melini mwanzoni mwa Morrowind mwaka 2002. Haombi kufunguliwa. Anaomba kurasa 10 za habari za maisha yake, zilizotawanyika, zikusanywe.

Hali kadhalika Sovngarde. Mchezaji aliyemuua Ulfric Stormcloak vitani humkuta huko, amepotea katika ukungu ambamo Alduin huwawinda wafu. Askari wa pande zote mbili wanatangatanga naye. Wajadili wameutumia ukungu huo kuthibitisha ni nani anayeruhusiwa kuingia Sovngarde. Hawakusimama kumtazama muuaji na aliyeuawa wakikutana mbele ya mlaji mmoja, wala kukumbuka kwamba shujaa naye hupata nguvu zake kwa kumeza roho za majoka.

Katika semina tulibishana jina la Kiswahili linalofaa mahali kama hapa. Ahera inadai hesabu. Peponi inadai thawabu. Kuzimu, neno lenye mzizi mmoja na mzimu, linadai uhusiano kati ya mfu na walio hai. John Mbiti, katika African Religions and Philosophy ya mwaka 1969, alieleza kwamba mfu anayekumbukwa kwa jina bado yumo katika kile alichokiita sasa. Kwa kipimo hicho Soul Cairn ni kuzimu isiyo na jamaa, na ombi la Jiub ni ombi la mtu anayekataa kusahauliwa.

Mtu aweza kupinga kwamba mchezo wenyewe haujali: kurasa zikikusanywa Jiub hubaki palepale, na mawe meusi huendelea kufanya kazi kama kawaida. Ni kweli. Lakini matini inapomwonyesha msomaji gharama ya tendo lake kisha ikamwacha aendelee nalo, kazi ya mhakiki ni kulisema jambo hilo waziwazi. Nadharia inayoshughulikia ramani za malimwengu hayo pekee hulisaidia kufichika. Swali la roho ya shujaa ni zuri, ila halina budi kutanguliwa na swali la roho alizozitumia.

Mwanafunzi wangu nimemwomba radhi. Pendekezo lake limerudi mezani kwangu, na safari hii linaanza na Jiub.