Mguu wa Nguzo: Kulisoma Umbo la Nyumba ya Mti Iliyooza

Nyumba ya mti hufa kuanzia miguuni. Pale nguzo inapoingia ardhini ndipo unyevu unapokaa na mchwa anapoanzia, na kila fundi wa nyumba za kukandika ameshaona paa zima limekaa juu ya nguzo zilizoliwa chini. Hata hivyo mguu huo unaotangulia kufa ndio unaobaki kusomwa. Nguzo ikishaoza, nafasi yake hujazwa na udongo mwingine, laini zaidi na mara nyingi mweusi kuliko ule wa pembeni, na doa hilo hukaa ardhini kwa mamia ya miaka. Mwanaakiolojia akiparura ardhi polepole kwa mwiko, huona madoa. Akiyachora kwenye karatasi, huona safu. Akiziunganisha safu, anasema: hapa palikuwa na nyumba.

Nataka kuihakiki hiyo hatua ya mwisho. Ramani ya mashimo ni utunzi kama utunzi mwingine wowote, una kanuni zake na una upendeleo wake. Huipenda nyumba yenye mistari iliyonyooka na nguzo zilizosimama wima. Nyumba isiyokuwa hivyo huirudisha kwetu ikiwa imelazwa chali.

Nyumba za mti za Warumi zimepata bahati kwa msomaji wa namna hii. Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza, jeshi la Warumi lilijenga ngome yake ya kwanza ya mbao mnamo mwaka 85 hivi, kisha likaibomoa na kujenga nyingine juu yake, na nyingine tena, kabla ya kufikia ngome za mawe. Kila mara mabaki ya ngome iliyobomolewa yalifunikwa kwa udongo mzito uliozuia hewa. Bila hewa mti hauozi upesi. Kwa hiyo pale hapakupatikana madoa tu, bali vipande vya nguzo zenyewe na ukuta wa fito zilizosukwa, bado umesimama kwa kimo kidogo kutoka sakafuni. Sakafu ilitandikwa majani makavu na mabua, na humo, tangu mwaka 1973, zilianza kupatikana zile barua maarufu zilizoandikwa kwa wino kwenye vibao vyembamba vya mti.

Ukizitazama kuta hizo kama umbo, unaona mkono wa jeshi. Fundi hakuchimba shimo moja moja. Alichimba mtaro ulionyooka, akasimamisha nguzo ndani yake, akarudishia udongo, kisha akasuka fito kati ya nguzo na kukandika. Mtaro ndio ulioamua nyumba, nguzo zikafuata. Chumba kinafanana na chumba cha jirani kwa sababu mtaro ni mmoja. Mpango wa namna hii ukichorwa kwenye karatasi haupotezi mengi, maana nyumba yenyewe ilianza kama mistari iliyochorwa juu ya ardhi. Ufundi wa kusuka fito na kukandika haumshangazi msomaji wa Afrika Mashariki, nyumba hiyo anaijua. Kigeni kwake ni ule mtaro.

Sasa tuje Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania. Kuanzia Tukuyu hadi vijiji kama Matwebe, mvua inaweza kupita milimita 2,000 kwa mwaka, udongo ni wa volkano, na mwanzi humea karibu na migomba. Msafiri Joseph Thomson alipopita katika nchi hii ya Wanyakyusa mwaka 1879 alizisifu sana nyumba zao kwa usafi na ustadi. Godfrey na Monica Wilson walizikuta bado katika miaka ya 1930 walipofanya utafiti wao, na kitabu cha Monica Wilson kuhusu vijiji vya rika kikachapishwa mwaka 1951. Kuta zilikuwa za mianzi iliyopangwa kwa karibu, na katika zile zilizopambwa, kati ya mwanzi na mwanzi palijazwa vidonge vya udongo vilivyofinyangwa kwa mkono na kulainishwa. Kisha kuna jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha umbo lote: ukuta haukusimama wima. Uliinama kwenda nje, chini mwembamba, juu mpana, ukakutana na paa la nyasi lililoteremka mbali kuupita.

Mwinamo huo ulikuwa na kazi. Maji yanayotoka paani huanguka mbali na mguu wa ukuta, na katika nchi ya mvua kama Rungwe, kuukinga mguu ni kuikinga nyumba. Ila ulikuwa pia uamuzi wa sura. Mtu anayeukaribia mlango anaona ukuta unaomjia, na vidonge vya udongo vinapata kivuli kila kimoja chini yake. Pambo na muundo vinafanya kazi moja, na sioni namna ya kuvitenganisha.

Nyumba hiyo ikioza, ramani itabaki na nini? Duara la madoa madogo. Mchoraji atainua kuta wima kutoka kwenye duara hilo, na nyumba atakayoichora itakuwa nyembamba kuliko ile iliyokuwepo, haina mwinamo, haina kivuli. Kila kipimo chake kitakuwa sahihi kwenye usawa wa ardhi, na nyumba yenyewe itakuwa imekosewa.

Dawa ipo, na ni ya mkono zaidi kuliko ya kompyuta. Shimo la nguzo halifai kukombwa lote kama mtungi. Linakatwa katikati, nusu moja inatolewa, nusu ya pili inaachwa ili uso wa mkato uonekane. Hapo ndipo unaona nguzo ilifika kina gani, kama ilichongwa ncha ikapigwa au ilitumbukizwa ikashindiliwa mawe, na iliingia kwa pembe gani. Iwapo madoa ya upande wa kulia yote yameegemea kulia na ya kushoto yameegemea kushoto, ukuta uliinama nje. Mkato wa wima wa shimo moja unaweza kusema habari ambazo ramani ya kijiji kizima haina.

Si kila mahali panahitaji mkato huo. Shanga, katika kisiwa cha Pate, pwani ya Kenya, mwanaakiolojia Mark Horton alichimbua katika miaka ya 1980 na kukuta, chini ya msikiti wa mawe, mashimo ya misikiti midogo ya miti iliyotangulia, ya mwanzo kabisa ikiwa ya karne ya 8. Pale ramani ilitosha kwa swali lililoulizwa: jengo limeelekea wapi. Kwa nyumba ya Rungwe swali ni jingine, kwa hiyo usomaji uwe mwingine.

Kuna hasara moja ambayo hata mkato hauirudishi, nayo ni maungio. Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, timu ya mwanaakiolojia Larry Barham ilipata magogo mawili yaliyokingamana, la juu likiwa limechongwa pengo ili likae juu ya lenzake. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023: umri wake ni angalau miaka 476,000. Maji yaliyojaa ardhini ndiyo yaliyoyahifadhi. Tunaweza kulisoma ungio hilo kwa sababu lilichongwa ndani ya mti wenyewe. Mwanzi hauungwi hivyo. Unafungwa kwa kamba, na kamba ikioza hakuna alama inayobaki juu ya mwanzi wala ardhini. Ufundi mkubwa kuliko wote katika nyumba ile ulikuwa kwenye kitu kilichotangulia kupotea.

Lakini nyumba za mianzi na nyasi huungua, na udongo ukiungua huwa mgumu kama tofali. Kidonge kilichokuwa kati ya mianzi miwili kikichomwa hubaki na mbonyeo wa mianzi hiyo ubavuni: unene wake, pengine pia mstari wa kamba iliyopita hapo. Kwa hiyo mchimbaji atakayefanya kazi Rungwe asivihesabu vibonge vyekundu kama taka za kupimwa uzito na kutupwa. Kila kimoja kigeuzwe, kitazamwe ubavuni, kichorwe pande zote, kabla hata ramani ya mashimo haijaanza.